Besi Inavuma, Maneno Hayasikiki: Je, Ninunue Spika Kubwa Zaidi?

"Shikamoo fundi. Ninaishi Uyole, Mbeya, na ni mpenzi wa kwaya na wa muziki wa dansi wa zamani. Nina ampilifaya ya mtumba, spika mbili za mezani na sabufa moja. Vyote nimevikusanya kidogo kidogo kwa miaka minne. Sebule yangu ni futi 12 kwa 12, sakafu ni ya taili, dari ni ya jipsamu, na juu ni bati. Besi inavuma nyumba nzima, lakini maneno ya waimbaji siyapati vizuri, hasa sauti za kike. Nikiunganisha king'amuzi, unatokea mngurumo ambao upo hata kipindi kikinyamaza. Dukani nimeambiwa spika zangu hazina wati za kutosha, ninunue za wati 1,000. Jirani yangu ananishauri nibandike trei za mayai ukutani. Nina shilingi 150,000 tu. Nianzie wapi? Na je, kelele za mvua kwenye bati zina dawa?"

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake mna matatizo mawili ambayo wewe umeyahesabu kuwa matatu. Besi inayovuma na maneno yasiyosikika ni tatizo moja, na makazi yake ni sebule yako wala si spika zako. Mngurumo wa king'amuzi ni jambo la umeme na una njia yake ya pekee. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwamba hiyo 150,000 uiache ilipo mpaka umalize kazi ya Jumamosi moja, ambayo haitakugharimu kitu isipokuwa jasho la kusogeza makochi. Kabla sijaendelea niweke neno moja sawa: mitaani kwetu sabufa limekuwa jina la seti nzima pamoja na spika zake, lakini hapa ninaliita sabufa lile boksi la besi peke yake.

Nianze na ushauri wa dukani, maana ndio unaomaliza fedha za watu wengi. Wati si kipimo cha uzuri wa sauti, na hata ukubwa wa sauti haziupimi vizuri. Zinaeleza nguvu ya umeme ambayo ampilifaya inaweza kuitoa au spika inaweza kuistahimili, na sikio la binadamu haliipokei nguvu hiyo kwa uwiano ulionyooka. Ukitoka wati 50 ukaenda wati 100 umeongeza desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo utaisikia lakini haitakushtua. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu unahitaji karibu desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Katika sebule kama yako, ukiwa umekaa mita mbili na nusu kutoka kwenye spika, na sauti ikiwa ya kiasi cha kukuruhusu kuzungumza na mwenzako bila kupiga kelele, spika zako zinatumia wati moja au pungufu, na huenda zikagusa wati 10 au 20 kwa kufumba na kufumbua pale ngoma inapopigwa. Hizo 1,000 zingekwenda wapi? Tena mara nyingi wati 1,000 zinazoandikwa kwenye boksi ni zile za PMPO, hesabu ya kilele isiyo na kanuni moja inayofuatwa na watengenezaji wote, na ndiyo sababu redio yenye transfoma ndogo kama ngumi ya mtoto hujitangaza kuwa na wati elfu kadhaa. Siku utakapofika wakati wa kununua, tazama namba ya RMS, yaani nguvu inayoweza kutolewa au kustahimiliwa mfululizo, kisha uulize namba ambayo wauzaji wachache huitaja: spika hiyo inatoa desibeli ngapi kwa wati moja, sikio likiwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 90 hufanya kwa wati 20 kazi ambayo spika ya desibeli 86 huifanya kwa wati 50.

Sasa sebule. Uliposema futi 12 kwa 12 niliweka kalamu chini, kwa kuwa chumba cha mraba ndicho kinachosumbua kuliko vyote katika besi. Sauti husafiri kwa takriban mita 340 kwa sekunde katika ubaridi wetu wa nyuzi 15. Futi 12 ni mita 3.66. Wimbi la sauti linaloondoka ukuta mmoja, likagonga ukuta wa pili na kurudi lilikotoka, limetembea mita 7.3 hivi, na noti ambayo wimbi lake lina urefu huohuo ni ile ya hezi 46, yaani mitetemo 46 kwa sekunde. Kila noti hiyo inapopigwa, wimbi linalorudi hulikuta linalotoka likiwa limepangana nalo barabara, na badala ya kupita na kwisha, mawimbi hayo hujijenga na kusimama ndani ya chumba, kama maji ya kwenye beseni yanavyopanda kingo ukilitikisa kwa mwendo unaoyafaa. Katika chumba cha mstatili, urefu una noti yake na upana una yake, hivyo vurugu hugawanyika. Katika mraba, urefu na upana vinaishangilia noti ileile moja.

Unaweza kulithibitisha hili bila kifaa chochote. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa hezi 41. Mpigaji akibana freti ya pili anafika hezi 46, yaani palepale panapokiamsha chumba chako. Weka wimbo wa dansi ambao gitaa la besi linatembea, linapanda na kushuka ngazi, kisha sikiliza kwa makini. Utagundua kwamba si besi yote inayovuma. Noti moja, labda na jirani yake, huruka juu na kukawia hewani, na zilizobaki ni za kawaida au hata ni hafifu. Ndiyo sababu kuzungusha kitufe cha besi kushoto hakujawahi kukusaidia: unazipunguza noti zote ili kuinyamazisha moja, na muziki unabaki mkavu huku ile moja ikiendelea kutamba.

Nguvu ya wimbi hilo lililosimama haiko sawa kila mahali. Iko juu kabisa kando ya kuta, inakuwa maradufu kwenye pembe, na karibu inatoweka katikati ya chumba. Sebule zetu nyingi zimepangwa kochi likiwa limeegemea ukuta na sabufa ikiwa imefichwa kwenye pembe, karibu na kabati la TV. Yaani anayepiga amewekwa mahali pa kupigia kwa nguvu kuliko pote, na anayesikiliza amewekwa mahali pa kupigwa kwa nguvu kuliko pote.

Maneno nayo yanapotelea wapi? Kwanza, sauti nzito ina tabia ya kuifunika nyembamba katika sikio lenyewe, si hewani tu, hivyo besi inayokawia hulizuia sikio lisipokee kilicho juu yake. Pili, Kiswahili chetu kinaongeza ugumu wake. Karibu kila silabi yetu huishia kwa irabu, na irabu ndiyo yenye nguvu. Konsonanti ni mguso mfupi wa sehemu ndogo ya sekunde, na nyingine kama s, f na sh ziko juu sana, kwenye maelfu ya hezi. Katika chumba chenye taili chini, jipsamu juu na vioo dirishani, irabu ya "pa" haijamaliza kugonga kuta pale konsonanti ya silabi inayofuata inapofika, kwa hiyo mwimbaji akiimba "pata" au "paka" au "papa" wewe unapata "pa" mbili na ukungu katikati. Sauti za kike huathirika zaidi, kwa kuwa nguvu yao iko katika masafa yaleyale ambayo sakafu ya taili huyarudisha karibu bila kuyapunguza.

Basi tufanye kazi. Zoezi la kwanza litawachekesha watoto, na ni heri ulifanye mchana. Beba sabufa uiweke juu ya kochi, mahali hasa unapokaa ukisikiliza. Weka ule wimbo wenye besi inayotembea, sauti ya wastani, kisha piga magoti na utambae taratibu kandokando ya kuta, kichwa kikiwa kwenye kimo ambacho sabufa itasimama. Kwenye pembe utaisikia ile noti ikikunguruma usoni. Endelea kutambaa. Hatua mbili mbele, kitu kitabadilika: noti zitaanza kusikika moja moja, kila moja kwa ukubwa wake, kama mtu anayeshuka ngazi bila kujikwaa. Piga alama ya chaki hapo, na sabufa ihamie hapo. Zoezi hili halina uchawi. Njia ya sauti kutoka kochi kwenda alama ni ileile ya kutoka alama kwenda kochi, hivyo ulichokisikia ukiwa magotini ndicho utakachokisikia ukiwa umekaa. Katika nyumba moja ya Kihesa, Iringa, mwenyeji alikwisha kuamua kuiuza sabufa yake. Tuliisogeza kama sentimita 80 kutoka pembeni, nyuma kidogo ya mlango, na akabaki akinitazama kana kwamba nimeibadilisha wakati amefumba macho.

Kama mke au mume wako ataridhia, lisogeze kochi nalo. Lisiguse ukuta wa nyuma. Hata nusu mita inasaidia, na theluthi moja ya chumba kutoka ukutani ni bora zaidi. Usilipeleke katikati kabisa, maana huko noti ile haivumi lakini haisikiki pia, na utaniandikia tena kwamba besi imekufa.

Sabufa ikishapata mahali pake, nyuma yake kuna kizungushio kinachoamua ianze kunyamaza katika masafa gani, kwa kawaida kati ya hezi 50 na 150. Anzia 80; lakini kama spika zako za mezani ni ndogo sana, za inchi nne, panda hadi 100 au 120. Kikiwa juu mno, sabufa huanza kuimba sehemu ya sauti za wanaume, na hapo ndipo kwaya nzima husikika kama inaimbia ndani ya pipa. Ukiweza kunyoosha kidole na kusema besi inatoka pale, ujue umeizidisha, ama kwa masafa ama kwa ukubwa. Kuna pia swichi ndogo yenye 0 na 180. Mwenzako aibadilishe huku wewe umekaa, na uiache upande ambao besi inajaa zaidi.

Spika mbili za mezani zina madai machache. Twita, ile spika ndogo ya juu, iwe sawa na sikio lako ukiwa umekaa, na umbali kati ya spika na spika ulingane na umbali wa kutoka kila moja hadi kwako. Kwa sebule yako ni kama mita mbili kila upande. Zitoe ndani ya kabati. Spika iliyosukumwa ndani ya tundu la kabati la TV huifanya mbao nzima ya kabati iimbe, na kabati halijui kuimba. Zielekeze kidogo kwako, na chini ya kila moja weka kipande cha mpira wa kandambili kuukuu ili mtikisiko usishuke mezani.

Kuhusu trei za mayai, mwambie jirani nimemsalimu, ila nakataa. Ni karatasi nyembamba yenye mabonde madogo. Hugusa masafa machache ya juu, na besi hupita kana kwamba hakuna kitu. Ili kitu laini kinywe sauti vizuri, unene wake unapaswa kukaribia robo ya urefu wa wimbi, na wimbi la hezi 100 ni mita 3.4, kwa hiyo robo yake ni sentimita 85. Hakuna trei yenye unene huo. Isitoshe hukusanya vumbi na mende, na zikishika moto huwaka upesi mno. Studio nyingi ndogo zimezibandika kwa kuigana tu.

Kinachonywa sauti za juu na za kati tayari unacho ndani. Simama katikati ya sebule, gonganisha viganja mara moja kwa nguvu. Ukisikia mlio mkali unaofuata, kama mbawa za panzi, hiyo ni sauti inayorukaruka kati ya taili na jipsamu au kati ya kuta mbili tupu. Sasa tandika zulia nene kati yako na spika, chini yake ukiweka blanketi moja zito, lile la baridi ya Julai ambalo halikosekani nyumba yoyote ya Mbeya, kisha ugonganishe tena. Fanya vivyo hivyo na mapazia: yawe mazito, yenye mikunjo mingi, yakining'inia mbali kidogo na kioo. Kabla ya kutumia senti moja, egemeza godoro la sponji kwenye ukuta wa nyuma ya kochi usikilize dakika tano. Likileta tofauti unayoipenda, unajua kwamba ukuta ule unahitaji kabati la vitabu lililojaa, au kitambaa kizito chenye sponji nyuma yake. Lisipoleta, godoro linarudi chumbani na hujapoteza chochote.

Waya nitazipitia upesi. Waya za spika zenye sifa za dhahabu na bei ya mbuzi hazina muujiza. Unachohitaji ni shaba ya kutosha. Kwa umbali wa mita 5, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, uleule mnaoutumia kwenye taa, una ukinzani, yaani kiasi cha kuuzuia umeme, wa karibu omu 0.12 kwenda na kurudi, ambao kwa spika ya omu 8 ni kidogo mno kuleta madhara. Tatizo ni vile vinyuzi vyembamba vinavyokuja bure na seti, ambavyo kwa umbali huohuo vinaweza kufikia karibu omu nzima. Ukinunua, kwangua ncha kwa wembe: shaba ni nyekundu mpaka ndani, ilhali aluminiamu iliyopakwa shaba itakuonyesha weupe.

Lililo muhimu kuliko unene ni mwelekeo. Hakikisha nyekundu ya ampilifaya inakwenda kwenye nyekundu ya spika, kwa spika zote mbili. Moja ikigeuzwa, koni (ile ngozi ya spika inayotikisika) ya kushoto husukuma hewa wakati ya kulia inaivuta, besi ya spika hizo inajifuta, na mwimbaji hana mahali pa kusimama. Anasikika kama yuko pande zote mbili za kichwa. Weka rekodi ya zamani ya mono, yaani ile ambayo spika zote mbili hutoa sauti ileile: sauti ya mwimbaji inapaswa kusimama katikati kabisa, kwenye nafasi tupu kati ya spika mbili. Ikiwa haisimami, geuza waya wa spika moja tu na usikilize tena. Nimekuta kosa hili hata kwenye makanisa yenye vifaa vya mamilioni, kwa hiyo usione aibu.

Upande wa nyimbo zenyewe, angalia unazitoa wapi. Wimbo uliojazwa kwenye flashi kibandani mara nyingi umeshabanwa, ukafunguliwa na kubanwa tena mara kadhaa, na kila mara vitu vya juu, yaani matoazi, pumzi ya mwimbaji na hizo konsonanti tulizozitaja, ndivyo vinavyotupwa kwanza. CD ina takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde; MP3 nzuri ina 320, na nyingi za flashi zina 128 au pungufu. Bluetooth nayo hubana kwa namna yake, ingawa kwa seti yako, wimbo ukiwa mzuri, hutaliona hilo kuwa kikwazo. Kinachoharibu zaidi ni mtu kupandisha besi kwenye ekolaiza ya simu, kisha kwenye ampilifaya, kisha kwenye sabufa. Zima ekolaiza ya simu, sauti ya simu iweke karibu na juu, na ukubwa uuamue kwenye ampilifaya peke yake. Ukisikiliza kwa sauti ndogo usiku na kuona besi imepungua, si kosa la kifaa: Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu huzisikia hafifu zaidi sauti nzito kadiri ukubwa unavyopungua. Kwa wakati huo tu, ongeza besi kidogo bila kujilaumu.

Sasa huo mngurumo. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, na unachokisikia karibu hakika ni sauti ya hizo hezi 50 pamoja na ya mara mbili yake, hezi 100. Jiulize kwanza: ukizungusha kitufe cha sauti, mngurumo unabadilika? Usipobadilika, na ukabaki hata ukichomoa waya zote za kuingizia sauti, chanzo kimo ndani ya ampilifaya, kwa kawaida kapasita, yaani vile vipande vinavyohifadhi umeme, kubwa za kuchuja umeme zilizozeeka. Hilo ni la fundi. Ukibadilika, unaingia kwa njia ya king'amuzi, kama maelezo yako yanavyoonyesha. Chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi huku ampilifaya ikiwa inafanya kazi. Mngurumo ukikatika papo hapo, umeupata: chuma cha dishi kinagusa ukuta, bati au ardhi kwa njia yake, ampilifaya inagusa ardhi kwa njia nyingine, na kati ya njia hizo mbili mkondo mdogo wa umeme unatembea ndani ya waya wako wa sauti. Chomeka TV, king'amuzi na ampilifaya kwenye ekstensheni moja yenye pini tatu, zote kwenye soketi moja ya ukutani. Mara nyingi hilo pekee linatosha. Lisipotosha, kuna kijiboksi cha kupachika kwenye waya wa sauti chenye transfoma mbili ndogo ndani, kinachoipitisha sauti bila kuziunganisha metali za pande mbili. Kwa upande wa umeme, hicho ndicho kifaa pekee ambacho ningekubali ukitolee fedha.

Usikate pini ya ardhi ya plagi. Wapo wanaofanya hivyo, na mngurumo hunyamaza kweli, lakini siku hitilafu ikitokea ndani, boksi lote la chuma linakuwa na umeme na njia pekee ya kuuteremsha ni mkono wa mtoto wako. Na kama ukigusa ampilifaya vidole vinatekenywa na umeme, hasa ukiwa pekupeku kwenye taili, acha kuitumia na umwite fundi umeme mwenye leseni apime erthi ya nyumba, yaani ile njia ya kuuteremsha umeme ardhini. Wakati wa kiangazi udongo unapokauka, fito nyingi za ardhi huacha kufanya kazi bila mwenye nyumba kujua.

Mambo mengine pia yanahitaji fundi akutane na kifaa ana kwa ana. Toa kava la spika uiguse kwa kidole pete ya sponji inayozunguka koni ya wufa, ile spika kubwa ya chini. Kama inameguka au ina nyufa, spika hiyo haitatengemaa kwa kusogezwa. Kwa vifaa vya mtumba vya miaka 20 na zaidi ni jambo la kawaida, na pete hubadilishwa bila kubadilisha spika nzima. Sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa: ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Weka sikio karibu na kila twita, maana twita iliyokufa peke yake yatosha kukunyima maneno ya kwaya, na haitangazi kifo chake. Kizungushio kinachokwaruza unapokizungusha kinahitaji kusafishwa kwa dawa yake, si mafuta ya kula. Lakini wewe mwenyewe usifungue ampilifaya, hata ukiwa umeichomoa, kwa kuwa kapasita zake hubaki na umeme kwa muda. Tena, kwa kuwa ni ya mtumba, soma kibandiko cha nyuma. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na kama chako ni hivyo, basi mahali fulani kati yake na soketi pana transfoma ya kupunguza umeme; mweleze kila mtu nyumbani asije akaichomoa ili achajie simu, kisha ampilifaya ikachomekwa moja kwa moja ukutani.

Katika ile 150,000, ningetoa kwanza ya waya za shaba, kisha ya zulia kama hilo lililopo ni jepesi, na kijiboksi cha mngurumo ikibidi. Itakayobaki iweke kwa ajili ya fundi kama pete za sponji zimeoza au twita imekufa. Spika mpya zisubiri hadi utakapokuwa umesikia hizi ulizonazo zikiwa zimekaa mahali pake.

Mvua haina dawa ya redio. Bati hupigwa, hutetemeka, na dari ya jipsamu iliyo wazi kwa juu huipokea kelele hiyo na kuishusha. Kinachosaidia ni kutandaza sufi ya glasi au ya miamba juu ya jipsamu na kuziba nafasi za pembeni, kazi inayozidi bajeti yako na inayofaa kufanywa siku nyumba ikiwa inarekebishwa kwa sababu nyingine. Kwa sasa, mvua ikianza usishindane nayo kwa kitufe cha sauti. Ampilifaya inayolazimishwa kupita uwezo wake hukata vilele vya sauti, na mikato hiyo ndiyo inayounguza twita. Vaa spika za masikioni, au subiri ipite. Ikija na radi, kama zinavyokuja nyingi kati ya Novemba na Aprili, kuzima kwa kitufe hakutoshi: chomoa plagi ukutani, na chomoa pia waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, kwa kuwa radi huingia kwa njia zote mbili.